Darubini ya Tatu ya Guka

Darubini ya pili baba mkwe wangu aliirudisha dukani Jumatatu. Jumanne asubuhi alikuwa amekaa mezani kwetu, kofia magotini, akitangaza kwamba Texas nzima haina mtu anayejua kunyoosha mstari.

"Nimewaambia mara mbili," alisema. "Msalaba wa ndani umepinda. Wa kwanza ulipinda kama njia ya ng'ombe, na huu wa pili ni ndugu yake. Wanauza takataka kwa tabasamu."

Msalaba aliousema ni ile mistari miwili inayokutana katikati ukichungulia darubini ya bunduki. Pale inapokutana ndipo risasi itakapokwenda. Msalaba ukipinda humpigi mnyama, unamjeruhi tu, akafie vichakani kwa maumivu. Na Guka, yaani babu, ndivyo tunavyomwita nyumbani, hakuwa mtu wa kujeruhi mnyama. Alikuwa askari wa wanyamapori kwa miaka thelathini na mmoja, akiwafukuza majangili katika misitu ya Aberdare, kwa bunduki isiyo na darubini yoyote. Alipokata kibali cha kuwinda hapa Texas alikitia kwenye pochi, akaipigapiga, akacheka mpaka akakohoa. "Ona dunia! Serikali ya huku inaniuzia karatasi ya kuwa jangili."

Tulimleta Fort Worth baada ya Cucu, mkewe, kufariki. Mwaka wa kwanza alikaa dirishani akitazama magari yakiingia na kutoka uani, akisema atarudi Nyeri, kwenye nyumba ambayo tulijua haina mtu. Ndipo alipokutana na Tharcisse. Huyu ni Mkongo anayefanya kazi bohari moja na mume wangu Dedan, naye amekodi shamba ng'ambo ya Weatherford, anafuga kuku. Mbweha walikuwa wakimmalizia kuku, na jioni kulungu walitoka kichakani kula mahindi yake.

"Muzee," Tharcisse alimwambia siku moja nje ya kanisa, "miye niko na shamba, niko na bunduki, lakini kupiga sijue. Weye unajua. Kuja tusaidiane."

Tangu siku ile Guka alianza kunyoa ndevu kila Jumamosi. Aliacha kutaja Nyeri. Sasa zilibaki wiki mbili msimu wa kulungu ufunguliwe, na alikuwa amesema waziwazi: kama hapati darubini anayoiamini, haendi, na kama haendi, tumkatie tiketi. "Sitakaa kwa watu kama kikapu," alisema.

Basi nikamwomba Mungu darubini. Sikujua kwamba ninaomba kitu kidogo kuliko kilichohitajika.

Akanigeukia. "Mama Jerioth, wewe si unasomea vioo? Kesho twende ukanichagulie kisichopinda."

Mchana nahudumia wazee katika nyumba yao ya kutunzwa, na Jumanne na Alhamisi jioni nasomea kazi ya miwani chuoni. Kupima, kukata vioo, kumvalisha mtu fremu ikakaa sawa usoni. Guka alikuwa hajawahi kunitajia masomo hayo hata siku moja. Nilifurahi kama niliyekabidhiwa cheti.

Lakini niseme na hili, kwa sababu bila hilo mambo yaliyofuata hayaeleweki. Kwa desturi yetu, mke wa mwana hukaa mbali kidogo na baba mkwe. Hamgusi ovyo. Hamkosoi. Mama yangu alinionya kabla sijaolewa: "Shiru, na baba yake mume wako, heshima ni nafasi." Nami nimeiweka nafasi hiyo, hata katika nyumba ya vyumba viwili.

Mtu mmoja tu kwetu haijui nafasi hiyo, naye ni binti yetu wa miaka minne. Tulimpa jina la marehemu nyanya yake, Jerioth, kama inavyotakiwa kwa binti wa kwanza. Kwa hiyo Guka humwita "mke wangu", na si utani mtupu. Dedan akimwambia baba yake avae sweta, anaulizwa ni nani aliyemzaa mwenziwe. Jerioth akimwambia avae sweta, anavaa.

Jumatano jioni nikawaendesha wote wawili dukani. Dedan alikuwa zamu. Kwenye kaunta ya darubini alikuwapo mama mmoja wa makamo mwenye kalamu mbili zimechomekwa nywelani, na kibandiko cha jina, Natalia. Alimkumbuka Guka mara moja. Nilijiandaa kwa maneno makali, lakini alisema tu, "Bwana, leo hatutoki hapa mpaka uridhike." Nilimshukuru moyoni.

Guka tayari alikuwa amekwisha kuchagua. Ilikuwa darubini ndefu kama mkono wa mtoto, inayokuza mara ishirini na nne, kioo cha mbele kipana kama kikombe cha chai.

"Hii," akasema. "Kubwa ni kubwa."

"Guka," nikasema taratibu, "kule shambani kulungu huwa mbali kiasi gani?"

"Hatua themanini. Mia, akiwa na aibu."

"Na mbweha?"

"Mbweha anakuja mpaka mlangoni kwa kuku. Hana aibu kabisa."

Nikaandika kiganjani kwa kalamu ya Natalia. Nilimweleza kwamba mwanga unaoingia mbele hutoka upande wa jicho ukiwa kiduara kidogo. Chukua upana wa kioo cha mbele, gawanya kwa idadi ya mara inazokuza, utapata upana wa kile kiduara. Milimita hamsini na sita kwa ishirini na nne, unabaki na mbili na ushei, na jioni utakuwa unatazama giza. Thelathini na tatu kwa sita, unapata zaidi ya tano. Na mboni ya mtu aliyepita miaka sabini haifunguki sana kuzidi hapo, hata kukiwa na giza.

"Unasema mboni yangu imezeeka."

"Nasema kitabu kimesema, Guka."

"Kitabu hakina adabu," akajibu, lakini alikuwa anasikiliza. Nikaongeza kwamba ukikuza sana, unachoona kinakuwa chembamba. Mbweha akikimbia, utamtafuta kama mtu anayechungulia sebule nzima kwa tundu la kufuli.

Natalia alipotafsiriwa alipiga kaunta kofi. "Mwambie hayo ndiyo ninayowaambia watu kila siku, na hawanisikii!" Akatoa darubini fupi, nyeusi, isiyo na mbwembwe, ya kukuza mara mbili hadi saba. Mistari yake ilikuwa minene, ionekane machweo. Ukiichungulia, jicho hukaa mbali nayo kwa upana wa kiganja, kwa hiyo mtu wa miwani hapigwi usoni bunduki inaporudi nyuma. Akasema tutoke nayo nje, maana darubini haichaguliwi chini ya taa za duka. Sheria inaruhusu kupiga kulungu mpaka nusu saa baada ya jua kuzama, basi ijaribiwe saa hiyohiyo.

Tukasimama mlangoni, jua likiwa limeshuka nyuma ya maegesho. Guka akafumba jicho la kushoto, akaichungulia kwa la kulia. Alikaa hivyo muda mrefu. Nikaona bega lake likilegea.

"Mwanga ni mzuri," alisema. "Naona mpaka lile bango la mbali." Halafu akaishusha. "Umepinda."

Natalia akachungulia. Nami nikachungulia. Msalaba ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi mwashi.

"Kwa hiyo mimi ndiye mwongo," Guka alisema.

Ili kubadilisha mazungumzo tu, nikamuuliza, "Na ile nguzo ya taa, Guka? Inaonekanaje?"

Akainua tena darubini. "Hiyo nayo wameisimika vibaya. Imeingia tumbo katikati."

Niligeuka kuitazama. Nguzo ile ilikuwa imenyooka.

Wiki ya pili ya masomo yetu, mwalimu aligawa karatasi zenye viboksi vidogo vidogo na nukta katikati. Kila mmoja aliitazama yake, jicho moja moja. Akasema, mtu akikuambia mistari iliyonyooka anaiona imepinda, usimuuzie miwani. Mtafutie daktari haraka, wala si mwezi ujao. Niliyaandika maneno hayo nikayapigia mstari, kisha nikaenda nyumbani nikapika wali, na kila jioni nilikaa meza moja na mtu aliyekuwa akiyasema.

Nikarudi ndani, nikajificha kwenye safu za kofia, nikampigia Kerubo. Kerubo ni rafiki yangu wa tangu tulipofika nchi hii, sasa ni nesi katika kliniki ya macho kule Houston.

"Kerubo, mtu akiona nguzo imepinda..."

"Jicho moja au yote mawili?"

"Sijui. Ni Guka."

"Mzibe moja moja, umuulize."

"Nimzibe macho baba mkwe? Mimi?"

"Shiru, jicho halingoji adabu. Mzibe."

Nikasimama pale nikiutazama mkono wangu. Ukweli ni kwamba niliogopa zaidi ya kumgusa. Niliogopa kuwa msichana wa masomo ya jioni anayemwambia askari wa miaka thelathini na mmoja kwamba haoni, mbele ya watu, kwenye kaunta ya bunduki. Na kama nimekosea je?

Jerioth alikuwa sakafuni akipuliza filimbi ya kuita bata. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, nenda kamwambie mzee wako mcheze kuchungulia. Azibe jicho hili kwanza, atazame ile nguzo. Halafu azibe hili."

Akaenda mbio. "Guka! Cover this one. No cheating!"

"Mke wangu, niko na shughuli."

"Guka." Mkono kiunoni. Sijui sauti ile ya Cucu aliitoa wapi, maana marehemu alifariki yeye akiwa mchanga. Lakini Dedan angekuwapo angeruka.

Guka akaziba jicho la kulia.

"What do you see?"

"Nguzo. Imenyooka." Akatabasamu. "Kumbe wameinyoosha."

"Now this one."

Akaziba la kushoto. Tabasamu likaondoka polepole. Akabadilisha mkono. Akabadilisha tena. Mara ya nne hakuhitaji kuambiwa na mtu. Kisha akamrudishia Natalia darubini kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.

"Katikati kuna moshi," aliniambia, bila kunitazama. "Mama Jerioth, ni darubini au ni mimi?"

"Ni jicho, Guka. Jicho zima lilikuwa linamfichia mwenzake. Ukitazama kwa yote mawili, la kushoto linasaidia. Darubini imekunyang'anya msaidizi, ndiyo maana umeona."

Kerubo alikuwa bado kwenye simu. Nikaiweka sauti ya juu.

"Baba, ni Kerubo, yule anayekula chapati zenu akija Fort Worth. Nimeongea na daktari wetu. Kesho saa nne kuna mtu ameahirisha. Mtaweza kufika?"

"Mimi si mgonjwa," Guka alisema.

"Sawa, Baba. Njoo ukiwa mzima, tukutazame ukiwa mzima."

Akamtazama Jerioth. Jerioth akapuliza filimbi ya bata. Basi, ikawa ndiyo.

Tuliondoka alfajiri. Chuo nilikikosa, kazini niliomba ruhusa. Jerioth alilala nyuma akiikumbatia filimbi ambayo Natalia alikataa kuipokea tena. Tulipopita mji wa Corsicana ndipo Guka alipofungua mdomo.

"Ile picha ya mama yenu ukutani," alisema, akimaanisha Cucu. "Tangu mwezi wa nane uso wake unaonekana kama umemwagiwa maji. Nilidhani ni huzuni. Nikasema, kumbe hivi ndivyo mtu anavyosahaulika, anaanza kufutika usoni. Sikutaka kumwambia Dedan."

Niliendesha. Baada ya maili kadhaa nikamwambia, "Hajafutika, Guka."

"Naomba iwe hivyo."

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko nilivyotarajia, na mpole. Alituonyesha picha ya nyuma ya jicho la kulia. Mishipa midogo ilikuwa imeota pasipotakiwa, ikavuja. Dawa ipo, alisema, lakini inaingia kwa sindano, ndani ya jicho lenyewe. Tungechelewa mwezi mwingine, akaongeza, asingekuwa na kitu cha kuokoa.

Guka aliuliza swali moja. "Sindano ya ng'ombe au ya mtu?"

Kerubo alicheka mpaka akashika ukuta. "Ya kuku, Baba. Ndogo hivi."

Jerioth akampa filimbi aishike. Mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikasali sala isiyo na maneno mengi, na kabla sijafika amina Guka akatoka, filimbi mkononi, akisema mwiba wa mbigili unauma zaidi. Usiku ule tulilala kwa Kerubo, mtaa wa Gulfton, godoro sebuleni, jirani wa juu akikaanga vitunguu. Kerubo alipika ugali na mboga za managu, akamwekea Guka kiti peke yake. Sijui tutamlipa nini Kerubo.

Siku ya kwanza ya msimu ilipita Guka akiwa nyumbani, akilingoja jicho. Tharcisse alikuja kumwona na trei ya mayai.

"Muzee, mbweha banakusalimia. Banasema asante sana, bakia nyumbani tu."

"Waambie wanenepe kwanza."

Hakuna aliyetaja tiketi ya Nyeri. Sindano ya pili ilikuja, na ya tatu. Nilibandika ile karatasi ya viboksi kwenye friji, na kila asubuhi mke wake alimsimamisha mbele yake, mkono kiunoni. Mistari ilinyooka polepole. Haikunyooka yote. Daktari alisema kijipindo kidogo kitabaki, tushukuru kwa kilichookoka.

Mwishoni mwa Novemba alinyoa ndevu, akaniomba nimpeleke dukani. Mbele ya kaunta alivua kofia. Nilitafsiri neno kwa neno: "Nilikusema vibaya mbele ya watu. Vyombo vyako vilikuwa sawa. Aliyepinda ni mimi." Natalia aliinama, akatoa chini ya kaunta ile darubini fupi nyeusi, ikiwa kwenye sanduku lake, na kipande cha karatasi kimebandikwa juu, kwa Kiingereza chake: *Babu wa bata*. Alikuwa ameiweka muda wote huo.

Kilichobaki ilikuwa kumfundisha askari mzee kupiga kwa bega la kushoto, kwa jicho la kushoto. Alianza na bunduki isiyo na risasi, kila Jumamosi, akilenga makopo juu ya uzio. Tharcisse alikaa kwenye ndoo akitoa maoni.

"Muzee, sasa unashika bunduki kama mwalimu anashika mutoto wa wenyewe."

"Subiri. Utamuuliza mbweha."

Mbweha aliulizwa wiki ya pili ya Desemba, saa ya magharibi, hatua arobaini kutoka kwa kuku. Risasi moja. Tharcisse alinipigia simu akipiga kelele kana kwamba amejaliwa mapacha.

Na Jumamosi kabla ya Krismasi akaja kulungu. Katika kaunti ile dume halipigwi kama pembe zake hazijapanuka kupita ncha za masikio, na Guka ni mtu wa sheria. Alituhadithia akiwa bado na matope kwenye buti. Dume lilitoka kichakani jua likizama. Alilikuza mara sita, akatazama masikio, akatazama pembe, akarudia. Alivuta pumzi. "Msalaba ulikuwa umenyooka," alisema. "Umenyooka, Mama Jerioth. Nikakaa kidogo nikiutazama huo tu."

Mnyama alianguka palepale, hakuteseka.

Nyama waligawana shambani. Jumapili baada ya ibada Guka aliingia jikoni kwangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akachoma mwenyewe kwenye oveni, mlango wazi, king'ora cha moshi kikilia na Dedan akikipepea kwa taulo. Alikata akigawa, kama wanavyogawa kwao. Mbavu kwa huyu, mguu kwa yule, kipande kizima kimefungwa kwa ajili ya Natalia, kingine kwa ajili ya Kerubo. Mwisho akatoa figo zote mbili kwenye sahani yao peke yao.

Kwa akina Dedan figo hailiwi na kila mtu. Ni ya wasichana waliozaliwa nyumba ile. Mke aliyeolewa hapewi. Ana fungu lake, nami fungu langu la mbavu nilikuwa nimeshalipokea na kushukuru.

"Hii ni ya mke wangu," alisema Guka, akaiweka mbele ya Jerioth.

"Ew," alisema Jerioth.

Nikadhani ya pili ataniambia niifunge, niiweke kwa ajili ya Gakii, dada yake Dedan, atakapokuja kutoka Plano. Nilikwisha kunyoosha mkono kuchukua karatasi ya kufungia. Guka akaisukuma sahani juu ya meza mpaka ikagusa vidole vyangu.

"Na hii ni ya binti yangu," alisema. "Kula ingali moto. Uniambie kama nimeweka chumvi."

Dedan aliacha kupepea taulo. King'ora kiliendelea kulia. Nilikula nimesimama, machozi yakishuka.

"Umeweka, Baba," nikasema. "Imekolea."